Uwanja upo, fedha ni kidogo: tuanzie wapi bustani ya kuchezea na kujifunzia?

Mwalimu_wa_Awali (muulizaji)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo kamati yetu imelijadili kwa muda mrefu bila kufikia mwafaka. Ninafundisha watoto wa miaka 3 hadi 6 katika kituo kidogo chenye watoto wapatao 30. Nyuma ya darasa tuna uwanja mtupu wenye upana wa mita 12 na urefu wa mita 20 hivi. Ardhi yake ni ngumu, mvua ikinyesha maji hutuama upande mmoja, na mti mmoja mkubwa uliopo kwenye kona ndio kivuli chetu pekee. Kwa sasa watoto wakitoka nje hukimbia kidogo, kisha huanza kusukumana, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kufanya.

Fedha tulizonazo zinatosha ama kununua seti moja ya chuma yenye bembea na ubao wa kuteleza, ama kufanya mambo mengi madogo madogo kwa mikono yetu na ya wazazi. Baadhi ya wajumbe wanaona kwamba seti ya chuma ndiyo itakayoonekana na ndiyo itakayowavutia wazazi. Mimi ninaelemea upande wa pili, lakini kila ninapoulizwa watoto watajifunza nini hasa katika mchanga, maji na udongo, majibu yangu hayawaridhishi.

Ningependa kujua ni kitu gani kitangulie, na ninyi mlio na uzoefu mnawaelezaje watu wazima kwamba mchezo wa namna hii ni masomo. Aidha, tumeahidiwa matairi yaliyochakaa, mbao za mapaleti (vichanja vya mbao vya kubebea mizigo), mapipa ya plastiki na magogo ya mti uliokatwa. Sitaki kupokea kila kitu kwa sababu tu ni cha bure, kisha mtoto aumie. Mwenye ujuzi wa vifaa na mwenye ujuzi wa mimea wote nawaomba wachangie.

Mlezi_Mkongwe

Mwalimu, salamu, na hongera kwa kulileta jambo hili kabla fedha hazijatoka. Kwa maoni yangu, fedha kidogo ziende kwanza kwenye kivuli, mchanga, maji na udongo mzuri, na vifaa vya kudumu vya kupanda na kubembea vije mwisho, kama vitakuja. Siisemi vibaya seti ya chuma. Ila bembea mbili hubeba watoto wawili, na watoto 28 waliobaki watasubiri zamu au watarudi kwenye kusukumana kulekule. Shimo la mchanga la ukubwa wa wastani huchukua watoto 8 au 10 kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na kazi yake, na kazi ya leo si lazima iwe ya kesho.

Kama wajumbe wanadhani haya ni mambo ya waliokosa fedha, waelezwe kwamba ndivyo elimu ya watoto wadogo ilivyoanza. Friedrich Fröbel, mwalimu aliyeanzisha chekechea, alipofungua kituo chake Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, bustani ilikuwa sehemu ya mafunzo yake, na katika bustani za namna yake kila mtoto alikuwa na kitalu chake kidogo, huku vitalu vingine vikiwa vya wote. Margaret McMillan na dada yake Rachel walianzisha mwaka 1914 shule ya watoto wadogo ya hewa wazi huko Deptford, London, kwa ajili ya watoto wa familia maskini, na humo mboga na mimea yenye harufu vilikuwa vitu vya kusomea. Mwaka 1943, huko Emdrup katika jiji la Copenhagen, kilifunguliwa kiwanja kilichotokana na wazo la msanifu wa mandhari C. Th. Sørensen, ambaye alikuwa ameona kwamba watoto huyafurahia mabaki ya ujenzi kuliko viwanja alivyowajengea. Msanii Simon Nicholson naye aliandika mwaka 1971 hoja ambayo walimu wengi wanaitegemea hadi leo: ubunifu wa watoto katika mahali fulani hutegemea wingi na aina za vitu wanavyoweza kuvihamisha, kuvipanga na kuvibadilisha wenyewe. Ubao wa kuteleza hauhamishiki. Ndoo, ubao mfupi, kokoto kubwa na kipande cha mwanzi vinahamishika.

Sasa kuhusu wanachojifunza, nakushauri usiwajibu wajumbe kwa maneno ya jumla. Waite waje watazame. Mpe mtoto wa miaka 4 kopo refu jembamba lililojaa maji na bakuli pana. Atamimina maji bakulini, ataona yamefikia kimo kifupi, naye atasema yamepungua. Hilo ndilo jambo ambalo mwanasaikolojia Jean Piaget alilichunguza kwa watoto wa umri huo. Usimsahihishe. Mwache ayarudishe maji koponi ayaone yakifika palepale, kisha arudie tena na tena kwa vyombo vingine. Siku moja utamsikia akimwambia mwenzake kwamba maji ni yaleyale, na hapo hakuna mwalimu aliyemwambia. Kadhalika mchanga mkavu humwagika na mchanga mbichi hushika umbo, ndoo iliyojaa ni nzito na ya nusu ni nyepesi, mfereji wenye mteremko hupeleka maji na ulio sawa huyatuamisha. Katika dakika chache za mchezo huo mtoto hutumia maneno ya kipimo, ya mahali na ya kulinganisha ambayo darasani tungeyafundisha kwa picha. Andika maneno unayoyasikia yakitoka vinywani mwao na uyasome mbele ya kamati. Ni ushahidi ambao watu wazima huukubali.

Kabla ya kuchimba popote, tazama kwa siku kadhaa watoto wanapita wapi. Uwanja mtupu huwa na njia ambazo miguu yao imekwisha kuzichora, nawe usiweke kitalu cha maua katikati ya njia ya kukimbilia, maana kitakanyagwa na utaishia kuwakemea bila kosa lao. Tenga upande wa mbio na upande wa utulivu. Karibu na shina la mti weka magogo ya kukalia, mkeka na hadithi. Panapopata kivuli cha mti kwa saa nyingi za asubuhi weka mchanga, na kama kivuli hakifiki, nguzo 4 na kitambaa cha kivuli kilichokazwa vizuri vitatosha hadi mti mwingine ukue.

Shimo la mchanga linaweza kukupa kitu cha pili bila gharama. Ukichimba shimo la mita 3 kwa 4 lenye kina cha sentimita 40, utatoa udongo wa mita za ujazo 4.8. Usiutupe. Urundike na kuushindilia tabaka kwa tabaka, na utapata kilima chenye kimo cha mita 1 na upana wa mita 4 hivi chini. Panda nyasi juu yake. Watoto watakipanda, watabiringika, watakimbia kushuka, na mkiwa na ubao wa kuteleza siku moja, mtaulaza kwenye mteremko wa kilima chenyewe badala ya kuusimamisha juu ya ngazi, kwa hiyo hakutakuwa na mahali pa kuanguka kutoka juu. Chini ya shimo weka kokoto kimo cha sentimita 10, tandika kitambaa kinachopitisha maji, kisha jaza mchanga ulioshwa. Zitahitajika mita za ujazo 3.6, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu huwa na uzito wa tani 1.5 au zaidi kidogo, uliza usafiri mapema. Chagua mchanga wa chembe za mviringo ulioshwa, na uepuke vumbi la mawe yaliyosagwa, kwa sababu si zuri kwa mapafu ya watoto.

Ukingo wa shimo ufanye mpana. Msanifu majengo Aldo van Eyck, aliyeanza kubuni viwanja vya watoto Amsterdam mwaka 1947 na kufikisha zaidi ya 700, aliyazungushia mashimo yake ya mchanga ukingo mpana wa zege, na watoto hutumia ukingo wa namna hiyo kama kiti, meza na duka. Wewe unaweza kutumia magogo yaliyopasuliwa.

Fundi_Seremala

Mwalimu, mimi nitajibu la vifaa, kwa kuwa umeuliza vizuri: cha bure si lazima kiwe cha kupokewa.

Matairi yapokee machache. Kagua kila tairi kwa mkono uliovaa glavu, na lile lililochakaa hadi nyaya za chuma zikachomoza likatae palepale, kwa sababu nyaya hizo hukata ngozi na hakuna namna ya kuzimaliza. Lililobaki lioshe kwa sabuni, kisha litoboe matundu makubwa upande wa chini kwa keekee. Tairi lisilotobolewa hushika maji ya mvua, na mbu hutoka kwenye yai hadi kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 tu katika hali ya joto. Lizike nusu yake, lisimame wima, na watoto watapata kitu cha kupita, kukalia na kuruka. Lisiwe juani, maana mpira mweusi hupata joto la kuunguza. Binafsi sipandi mboga za kuliwa ndani ya matairi.

Mapaleti yana alama iliyochomwa au kupigwa muhuri ubavuni. Ukiona herufi HT, mbao hizo zilitibiwa kwa joto. Ukiona MB, zilitibiwa kwa gesi ya methili bromidi, nazo usizitumie. Paleti isiyo na alama, au yenye madoa ya mafuta na harufu usiyoijua, iache. Zilizofaa zing'olewe misumari yote, hata ile iliyozama, kisha zipigwe msasa mpaka kiganja kikipita hakikwaruziki. Unganisha kwa skrubu na bolti, usitumie misumari, kwa sababu msumari hulegea na kuchomoza kadiri ubao unavyolowa na kukauka.

Kwa mapipa, uliza yalibeba nini. Pipa lililobeba dawa za mashambani, mafuta ya mashine au kemikali ya kiwandani halifai hata likioshwa mara ngapi. Lililobeba chakula linafaa kwa kukinga maji ya mvua, mradi liwe na kifuniko kinachofungwa na bomba chini.

Magogo ndiyo zawadi bora kuliko zote ulizoahidiwa, na ninakuomba usiyakate yote kwa kipimo kimoja. Vipande vya kimo cha sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, vikiwa vimezikwa vizuri chini, vitakuwa ngazi za kuruka kutoka kimoja hadi kingine. Vilivyokatwa vyembamba vitakuwa sahani, magurudumu na sarafu za dukani. Gogo refu moja lililolazwa na kuzuiwa kwa vigingi lisibiringike ni daraja la kujifunzia mizani ya mwili. Toa magamba yaliyolegea, na kila mwaka chunguza kama sehemu iliyozikwa imeoza.

Vitu viwili vikiletwa, virudishe bila kusitasita. Cha kwanza ni mataruma ya zamani ya reli, ambayo hulowekwa kreosoti, dawa ya lami ya kuzuia mbao kuoza. Cha pili ni mbao kuukuu zilizotiwa dawa yenye aseniki, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kijani iliyofifia. Kama kuna ubao uliopakwa rangi zamani, usiupige msasa kabla ya kujua rangi hiyo ilikuwa na nini, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Kwa sababu hiyohiyo, usichimbe kitalu cha mboga chini ya ukuta wa jengo kuukuu lililobanduka rangi.

Ukijenga chochote chenye fito au ngazi, angalia nafasi kati ya fito na fito. Nafasi kati ya sentimita 9 na 23 ni hatari, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kupenya miguu ikitangulia na kichwa kikanasa. Ama iwe ndogo kuliko 9, ama kubwa kuliko 23. Kipimo hiki wengi hawakijui, nami nimeona uzio mzuri sana wa mianzi ulioshindwa kwa hilo tu, ikabidi fito nyingine zipachikwe katikati.

Kuhusu kuanguka, udongo mgumu kama wenu haufai chini ya kitu chochote cha kupanda, na nyasi peke yake hazisaidii. Mchanga uliolegea wa kina cha sentimita 23 hupunguza madhara ya kuanguka kutoka kimo cha mita 1.2 hivi. Vipande vidogo vidogo vya mbao vilivyotandazwa kwa kina hichohicho hufanya kazi nzuri zaidi, lakini huoza na kupungua, kwa hiyo huongezwa mara kwa mara. Acha mita 1.8 kila upande bila gogo, jiwe wala ukingo. Ukijumlisha nafasi hiyo kuzunguka bembea, utaona jinsi inavyomeza uwanja wa mita 12. Namuunga mkono Mlezi kwa hesabu hiyo kuliko kwa hoja nyingine yoyote.

Kamba zisining'inie zikiwa legevu, na kitanzi kisiwepo kabisa. Kamba ya kupandia ikazwe ncha zote mbili.

Mkulima_wa_Vitalu

Naanza na maji yanayotuama, Mwalimu, kwa sababu hilo wengine wamelipita. Usipambane nalo kwa kumwaga kifusi. Chimba mfereji mpana usio na kina unaoyapeleka maji kwenye bonde dogo ulilolitengeneza mbali na njia ya watoto, lijaze mboji na mchanga, upande humo mimea inayovumilia unyevu na ukavu. Likitengenezwa vizuri, maji hunywea ndani ya siku moja au mbili. Mfereji huo ukiuwekea mawe ya mviringo, mvua ikikatika utakuwa mto wao wa kurushia mashua za majani, na mwalimu akiwa karibu nao hapo kuna somo zima la mteremko na kasi.

Udongo mgumu usianze kuulima wote. Tengeneza vitalu vichache vilivyoinuliwa sentimita 20 hadi 30, vijaze mchanganyiko wa udongo wa juu na mboji. Mkono wa mtoto ni mfupi, kwa hiyo kitalu kinachofikiwa upande mmoja kisizidi nusu mita, na kinachofikiwa pande mbili kisizidi mita 1. Kikiwa kipana zaidi watakanyaga ndani, na udongo ulioulegeza kwa jasho utashikana tena. Mboji tengenezeni wenyewe kwa majani makavu, maganda ya matunda na mabaki ya mboga. Wapeni watoto kazi ya kupeleka maganda na kufunua rundo wiki kwa wiki. Siku watakayokuta minyoo na joto likitoka ndani, maswali yatakuwa mengi kuliko mtakavyoweza kuyajibu, na hilo ni jema.

Mbegu za kuanzia ziwe kubwa, ambazo vidole vidogo vinaweza kuzishika moja moja: maharage, mahindi, alizeti, maboga. Mbegu za karoti huishia kumwagwa zote mahali pamoja. Uvumilivu wa mtoto wa miaka 3 ni mfupi, kwa hiyo chagua vitu vinavyoonekana upesi. Maharage na alizeti huchipua ndani ya siku 5 hadi 10, na figili za aina ya haraka huvunwa wiki 3 au 4 baada ya kupandwa. Harage moja lipandwe ndani ya chombo kinachopenyeza mwanga, likibanwa kati ya karatasi yenye unyevu na ukuta wa chombo, ili watoto waone kwamba mzizi hutangulia kwenda chini kabla ya jani kupanda juu. Kigeuze chombo ubavu, na baada ya siku chache mzizi utapinda kutafuta chini. Sijaona mtoto aliyeliona hilo asiende kumwita mwenzake.

Fito ndefu 6 au 7 zilizochomekwa kwa mduara na kufungwa juu, kisha maharage yanayotambaa au madodoki yakapandwa kila fito, huwa kibanda cha kijani. Acheni uwazi wa kuingilia, na mwalimu awe anaweza kuona ndani. Mpaka wa alizeti zilizopandwa karibu karibu hufanya kazi hiyohiyo. Kwa harufu, pandeni mrehani, mnanaa na mchaichai kando ya njia, ila mchaichai usogezeni kidogo kwa sababu majani yake yana makali. Mnanaa uwekeni ndani ya chungu, kwani ukiachwa ardhini huvamia vitalu vingine.

Upande wa hatari, oleanda ni sumu kuanzia jani hadi ua na isiwepo kabisa. Mbegu za mbarika, zenye madoa mazuri yanayovutia watoto, zina sumu kali ya risini. Datura ni sumu, na utomvu wa mnyaa huunguza macho, kwa hiyo hata ule uliopandwa zamani kama uzio ungeondolewa na watu wazima waliojikinga. Matunda mabichi ya lantana nayo si ya kuaminiwa. Wafundisheni watoto tangu siku ya kwanza kwamba haliliwi kitu chochote cha bustanini kabla mwalimu hajakitaja na kuoshwa. Wala msinyunyize dawa za wadudu. Matete yaliyokatwa na kufungwa kwa fungu, yakaning'inizwa penye jua la asubuhi na pasiponyeshewa, yatakaribisha nyuki wapweke, ambao si wakali na ambao watachavusha maboga yenu.

Mwalimu_wa_Awali (muulizaji)

Nawashukuru sana nyote. Hesabu ya nafasi inayomezwa na bembea nimeshaichora kwenye karatasi, na wajumbe wawili waliokuwa wakali zaidi wameikubali. Yamebaki mambo mawili yanayonisumbua. Baadhi ya wazazi wanalalamika kwamba watoto watarudi wamechafuka, na mmoja ameniuliza moja kwa moja kama analipa ada ili mwanawe achezee matope. Jingine ni kwamba tuna mtoto mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, naye nisingependa awe mtazamaji katika bustani ya wenzake. Na je, kazi ya kila siku ya kulinda na kutunza haya yote, mnaigawanyaje kwa kituo chenye walimu watatu tu?

Msaidizi_wa_Darasa

Mwalimu, nianze na mtoto wa kiti cha magurudumu, kwa sababu mahitaji yake yaamue mchoro mzima kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kumwongezea njia baadaye ni ghali na huwa haifiki kila mahali. Njia kuu iwe na upana wa mita 1.2 angalau, ishindiliwe iwe ngumu na sawa, isiwe ya kokoto zilizolegea wala mchanga. Udongo wenu mgumu unaoulalamikia hapa ni msaada. Kitalu kimoja kiwe cha meza, yaani sanduku la udongo lisilo na kina lililoinuliwa kwa miguu, ili magoti yake yaingie chini yake na mikono ifike kwenye mimea. Pima kimo kutoka kiti chake mwenyewe, usikisie. Meza ya mchanga na beseni la maji vifanyeni hivyohivyo, na wenzake watakuja kucheza pale pale alipo yeye. Chini ya mti pawe na nafasi ya kiti chake katikati ya magogo ya kukalia. Asiwekwe pembeni mwa duara.

Kuhusu wazazi, malalamiko yao ni ya haki kwa kiasi fulani, kwa sababu anayefua ni wao. Katika kituo tunachofanyia kazi tuliomba kila mtoto alete nguo moja kuukuu ya kubadilisha, tukaweka mahali pa kunawa mikono na miguu kati ya bustani na darasa, na jiko la matope likawa na siku zake zinazojulikana. Jiko lenyewe ni ubao juu ya magogo mawili, masufuria yaliyotoboka, miiko na ungo mbovu. Kisha tuliwaalika wazazi asubuhi moja wakae na watoto wao humohumo. Mzazi aliyemwona mwanawe akigawa keki ya matope kwa watu watano, na kukata tena vipande alipofika mtu wa sita, hakurudia swali la ada. Usiwape hotuba. Wape nafasi ya kukaa chini wakaone.

Hapa natofautiana kidogo na Mlezi. Vitu vya kuhamishwa ni hazina, lakini vikimwagwa vyote uwanjani kila siku hugeuka takataka, na watoto huacha kuviona. Wekeni kabati au sanduku moja la nje lenye kifuniko, na ndani yake vikapu vilivyochorwa picha ya kilichomo, ili hata mtoto asiyejua kusoma arudishe kitu mahali pake. Toeni vikapu vichache, vingine vipumzike, kisha mbadilishe. Kupanga na kurudisha ni hesabu ya kuainisha, nayo ifanywe na watoto wenyewe kabla ya kuingia darasani. Kama mdogo wa chini ya miaka 3 huja kuwatembelea, kitu chochote kinachopenya ndani ya bomba la kati la karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake, nacho kitolewe siku hiyo.

Walimu watatu wanatosha mkigawana mahali badala ya kugawana watoto. Mmoja husimama penye maji na mchanga wala haondoki hapo, mwingine kwenye kilima na magogo, wa tatu huzunguka vitalu na kibanda. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita 5 tu, kwa hiyo beseni humwagwa na kugeuzwa mchezo ukiisha, hata kama mtarudi baada ya chakula. Maji hayo humwagiliwa vitaluni, na hiyo ni kazi ambayo watoto huigombea.

Asubuhi, kabla ya mtoto yeyote kutoka, mmoja wenu azunguke na reki. Afunue mchanga, ambao usiku hufunikwa kwa turubai ili paka wasiugeuze choo, aupige reki hadi chini akitafuta vioo na vinyesi, apitishe kiganja kwenye mbao, atikise kila kinachotikisika, na amwage maji yaliyotuama kwenye matairi. Likipatikana jambo la kutengenezwa, liandikwe kwenye daftari linalokaa mlangoni pamoja na jina la atakayelishughulikia, na mahali hapo pafungwe kwa kamba mpaka litengenezwe. Kwa mwaka wa kwanza ningeacha theluthi ya uwanja bila kuigusa, kwa sababu watoto wataonyesha wenyewe kinachokosekana, na mtafurahi kuwa nafasi bado ipo.